Mkato si faili: Hesabu za magunia zinavyopotea juu ya deskitopu

SUMBAWANGA — Mahindi ya nyanda za juu za Ufipa yanapovunwa, kuanzia Mei na kuendelea, mnunuzi wa nafaka hana muda wa kukaa mezani. Asubuhi yuko Laela au Mpui akipima, mchana anahangaikia lori la kwenda Tunduma, na usiku akifika nyumbani ndipo anafungua kompyuta kuandika magunia aliyonunua, nauli aliyolipa na fedha alizotanguliza kwa mawakala wa vijijini. Akimaliza anahifadhi kazi yake mahali palipo karibu zaidi, yaani ile sura ya kwanza inayoonekana mashine ikishawaka. Wengi wanaiita deskitopu, na wataalamu wa lugha wameipa jina la eneokazi.

Kufikia Septemba deskitopu hiyo imejaa. Humo mna "Mauzo", "Mauzo mpya", "Mauzo mpya 2" na "Mauzo mpya kabisa". Pembeni kuna picha za harusi, risiti zilizopigwa picha kwa simu, michezo ya watoto na nembo za programu ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka. Hapo ndipo dereva mmoja hulipwa mara mbili, kwa sababu malipo ya kwanza yaliandikwa kwenye "Mauzo mpya 2" na aliyelipa mara ya pili alifungua "Mauzo mpya".

Kompyuta katika nyumba ya mfanyabiashara mdogo si jambo la zamani sana hapa nchini. Mwaka 1974, ambao ndio mwaka Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mpango wa kuziendesha hesabu za Hazina kwa mashine kwenda kombo. Milango ilianza kulegezwa miaka ya 1980 na kufunguliwa hasa miaka ya 1990. Wakati huo mashine moja ilikuwa ya ofisi nzima na ilifunikwa kitambaa kama kitanda cha mgeni. Windows 95 ilipotoka mwaka 1995 ndipo mtindo wa kutandaza ikoni juu ya deskitopu ulipozoeleka, na pamoja nao likaja tatizo ambalo bado linawatia watu hasara.

Tatizo lenyewe ni kwamba ikoni mbili zinaweza kufanana wakati moja ni faili lenyewe na nyingine ni mkato tu. Mkato ni kibao kinachoonyesha njia, mfano wa kile cha barabarani kinachoelekeza Kasanga. Ukibeba kibao hicho hujabeba bandari. Alama yake ni mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto ya ikoni, mdogo kiasi kwamba mtu aliyechoka usiku hauoni.

Mnunuzi anayetaka kuonyesha hesabu zake benki huvuta ikoni ile, huiweka kwenye flashi, hufunga safari hadi Mbeya na huichomeka kwenye mashine ya ofisa mikopo. Ikibofywa, mashine inasema faili halipatikani. Kilichosafiri ni kilobaiti moja au mbili za maelekezo, na mahindi yote ya msimu yamebaki ndani ya diski nyumbani Sumbawanga. Safari ya kwenda na kurudi ni siku mbili na nauli juu, na bei ya mahindi haimsubiri mtu aliyerudi kufuata faili. Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kuondoka, flashi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, hata ya jirani, na hesabu zionekane kwa macho.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu akishaambiwa kwamba kufuta mkato wa programu hakufuti programu, ambayo ni kweli, anaanza kufagia deskitopu yote kwa ujasiri. Katika fagio hilo hupita na faili halisi lisilo na mshale. Likifutwa kutoka diski ya mashine, mara nyingi huenda kwanza kwenye pipa la takataka na linaweza kurudishwa. Likifutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida halipiti kwenye pipa hilo, na kulipata tena ni kazi ya fundi, kama litapatikana.

Kuna na virusi vilivyosumbua sana kupitia flashi zinazozunguka kwenye steshenari. Mwenye flashi anafungua na kukuta folda zake zote zimegeuka mikato. Jina Sumbawanga watu hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi", na katika hali hiyo wapo ambao wangetamani kulitii. Lakini mara nyingi mafaili hayajaenda popote, virusi vimeyaficha tu na kuweka vibao mbele yake. Anayebofya vibao anaviingiza virusi kwenye mashine yake, na anayekubali flashi isafishwe kwa kufomatiwa anapoteza kila kitu. Programu ya kuua virusi iende kwanza, kisha mashine iamriwe kuonyesha mafaili yaliyofichwa, na mafaili yahamishwe kabla flashi haijaguswa zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba ikoni nyingi ndizo zinazoifanya kompyuta iwe nzito. Jambo hilo limekuzwa. Kinachochelewesha mashine zaidi ni programu zinazojiwasha zenyewe kila inapowashwa, pamoja na diski iliyokaribia kujaa. Hasara ya ikoni nyingi iko kwa mwenye mashine: anachelewa kupata faili, na akilipata hana hakika kama ndilo. Microsoft yenyewe iliwahi kuliona hilo. Katika Windows XP ya mwaka 2001 iliweka msaidizi aliyejitokeza kila baada ya siku 60 kuuliza kama mikato isiyotumika iondolewe. Watumiaji wengi walimfukuza kama mchuuzi mlangoni.

Sababu kubwa ya kutoweka hesabu za biashara juu ya deskitopu ni mahali deskitopu yenyewe ilipo. Kwa kawaida iko ndani ya diski C, humo humo ilimo Windows. Mashine ikigoma na fundi akaamua kufomati C ili apachike Windows upya, deskitopu inaondoka na vyote vilivyo juu yake. Fundi anayejua kazi huuliza kwanza. Asiyejua hukabidhi mashine safi inayowaka haraka, na mwenyewe hugundua usiku kwamba madeni ya mawakala wake hayapo tena. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na si utetezi mzuri kumwambia ofisa wa kodi kwamba kijana wa kompyuta alizifuta.

Utaratibu unaofaa mnunuzi wa nafaka hauhitaji utaalamu. Folda moja ya biashara ikae nje ya diski C kama mashine ina diski D, na ndani yake kila msimu uwe na folda yake. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha mahali, mfano "2024-07 Laela manunuzi", nayo yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Juu ya deskitopu ubaki mkato mmoja tu wa folda hiyo. Nakala iwekwe kwenye flashi au diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, maana D nayo huungua pamoja na mashine. Watoto wapewe akaunti yao ya mtumiaji, wawe na deskitopu yao wenyewe wachafue watakavyo.

Kwa wenye Windows 10 na 11, waangalie kama OneDrive imewashwa kuhifadhi deskitopu. Nakala hiyo ni msaada mkubwa mashine ikiibiwa, lakini nafasi ya bure ni gigabaiti 5, na picha za harusi zikiwa juu ya deskitopu zitapanda nazo na kumaliza bando la mwezi kwa usiku mmoja.

Na ikitokea asubuhi moja deskitopu iko tupu kabisa, fundi asiitwe haraka. Kitufe cha kulia cha kipanya kibofywe mahali patupu, kisha ifunguliwe sehemu ya mwonekano na kutazamwa kama alama ya kuonyesha ikoni imeondolewa. Mara nyingi mtoto aliibofya jana.