Kuchagua Programu ya Uzamivu katika Sayansi ya Utambuzi: Suala la Mbinu na Data ya Kiswahili

Sayansi ya utambuzi huunganisha isimu, saikolojia, falsafa, sayansi ya kompyuta na elimu ya ubongo. Hivyo jina la idara halimwelezi mwanaisimu wa Kiswahili atafunzwa nini. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kina mapokeo ya kupima umeme wa ubongo: huko Marta Kutas na Steven Hillyard waliripoti, mwaka 1980, jinsi ubongo unavyoitikia neno lisilooana kimaana na sentensi yake. Berkeley, alikofundisha George Lakoff, ilivuma kwa uchanganuzi wa sitiari. Anayechunguza iwapo msikilizaji, akisikia “kile”, huanza kutarajia nomino ya ngeli ya KI-VI kabla ya “kiti” kutamkwa, anahitaji maabara ya aina ya kwanza.

Hata hivyo, jaribio kama hilo linahitaji wasemaji wengi, nao wako Unguja na Mombasa. Kwa maoni yangu, msimamizi mtarajiwa aulizwe mapema: je, ufadhili unagharimia vifaa vya kubebeka na miezi ya uwandani? Usipogharimia, mtafiti huishia kupima wanafunzi wanaozungumza Kiingereza, lugha isiyo na ngeli.