Mgeni Atalima Hadi Lini?

Waswahili walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata hivyo, hawakutuambia mgeni huyo atalima miaka mingapi kabla ya kuitwa mwenyeji. Swali hilo ndilo lililonitia katika utafiti wa uzamifu kuhusu uhamiaji wa kimataifa.

Nilianzia maktabani, nikidhani kwamba uhamiaji ni mambo ya Ulaya na Ghuba. Humo niliisoma nadharia ya Harris na Todaro ya mwaka 1970, isemayo kwamba mtu huhamia mjini kwa kupima ujira anaoutarajia na uwezekano wa kupata kazi. Kumbe wataalamu hao walikuwa wamefanya utafiti papa hapa Nairobi! Nikafunga vitabu, nikatoka.

Kibera nilipokewa na mzee Mnubi, mjukuu wa askari aliyetoka Sudan kulitumikia jeshi la Mwingereza. "Mwanangu," aliniambia, "baba alizaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa. Lakini nilipoomba kitambulisho niliulizwa kwetu ni wapi." Mwaka 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayotetea haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Zaidi ya karne moja ya kulima!

Kawangware nako nilimhoji mama mmoja fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kongo. Alijibu maswali yangu yote kwa subira, kisha naye akauliza lake: "Wewe utapata shahada. Mimi nitapata nini?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo niliipitia hojaji yangu nikaona aibu: ilijaa niliyotaka kujua mimi, wala haikuwa na hata swali moja alilotaka kujibiwa yeye. Kesho yake nilirudi na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021. Tuliketi kando ya cherehani, nikamfasiria vifungu vinavyohusu haki ya kufanya kazi. Siku hiyo sikuandika neno, lakini ndipo utafiti wangu ulipoanza.

Walimu na wanafunzi wenzangu, tusiwafanye watu kuwa takwimu za kutupandishia vyeo. Mtafiti naye ni mgeni katika nyumba za watu. Siku ya tatu ikifika, naye na ashike jembe.