Kurudi Kijijini: Mkubaliane Kabla ya Kupanda Basi

Mama mwenzangu, ukifika stendi ya Bweri, hapa Musoma, utaona mabasi yatokayo Dar es Salaam na Mwanza yakishusha magodoro, majiko na vyerehani. Baadhi ya wenye mizigo hiyo hawaji kutembea, wameaga mji. Baba amestaafu, na ndoto yake ya miaka mingi ni kulima shamba la kwao. Je, ndoto hiyo ni ya mama pia?

Mkoa wetu wa Mara una mfano mkubwa. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa CCM. Alirudi kwao Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Tukisimulia habari hiyo tunamtaja Mwalimu na jembe lake, lakini Mama Maria, waliyefunga naye ndoa mwaka 1953, naye alihama. Kila nyumba ya kijijini ina mama anayejua maji yanatoka wapi na wageni watakula nini. Tena rais mstaafu hutunzwa na serikali. Baba watoto wako huenda ana kiinua mgongo tu, nacho huisha.

Kwa hiyo kaeni mzungumze. Usilianzishe jambo hili mbele ya mashemeji. Ngoja baba ametulia, kisha mwulize mambo haya matatu.

Tutakula nini?
Mahindi huchukua miezi mitatu hadi minne, na muhogo mara nyingi huchukua mwaka au zaidi. Mvua za vuli zikikosa, mtasubiri masika. Wekeni akiba ya chakula na fedha ya kuwatosha misimu miwili. Mwoneni bwana shamba awaelekeze mahali pa kupata mbegu safi ya muhogo, maana ugonjwa wa batobato huharibu mashamba mengi. Kama mna nyumba mjini, msiiuze haraka. Ipangisheni, mjaribu kijiji kwanza kwa msimu mmoja.

Tutatibiwa wapi?
Hapa nasema kama muuguzi. Kandokando ya Ziwa Victoria malaria ni nyingi, na mtoto aliyekulia penye malaria kidogo huugua vibaya zaidi. Kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, na mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Wakatazeni watoto kuoga ziwani, kwani vijidudu vya kichocho huingia mwilini kupitia ngozi. Maji ya kunywa yachemsheni. Mwenye shinikizo la damu au kisukari aulize kwanza kama dawa zake zinapatikana katika zahanati ya karibu, na asihame bila barua ya daktari wake. Kadi za kliniki za watoto usizifungie ndani ya masanduku, zishike mkononi.

Ardhi ni ya nani?
Swali hili wengi wetu hulionea aibu. Baba akifariki, ndugu hukumbuka kwamba shamba ni la ukoo, na mama aliyelipalilia miaka kumi huambiwa arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ombeni hati ya kimila yenye majina yenu wote wawili. Ikiwa ni shamba la ukoo, wazee wagawe mbele ya mashahidi na iandikwe, baba akiwa bado hai na mwenye nguvu.

Kumwuliza mume maswali haya si kumpinga. Ndoto ya shamba ni njema, na wapo wanaozeeka kwa raha kijijini, wakila walichopanda. Lakini jembe moja halilimi ndoto ya watu wawili. Chukueni daftari, mwandike majibu pamoja, kisha ndipo mkakate tiketi.