Boriti ya Alabama Inasimulia

Sogeeni karibu, wanangu. Leo msimulizi si mimi. Ni boriti.

"Mimi ni boriti ya gereza moja la Alabama, Marekani. Kazi yangu ilikuwa kufungiwa watu. Tarehe 7 Juni 1995 askari jela walimleta mfungwa, Larry Hope. Alikuwa amepigana na askari. Lakini ugomvi ulishakwisha, naye ana pingu mikononi na minyororo miguuni. Wakamvua shati. Wakamfunga kwangu. Jua likawaka. Saa moja ikapita, ya pili ikapita, mpaka zikatimia saba. Maji alipewa mara moja au mbili tu. Chooni hakupelekwa. Baadaye alieleza kwamba askari mmoja aliwanywesha mbwa kwanza, kisha akamsogezea yeye chombo cha maji, akakifunua, akakipiga teke. Maji yote yakamwagika."

"Mjomba, kwani mfungwa anaweza kumshtaki askari?"

Swali zuri hilo! Anaweza. Marekani kuna sheria ya mwaka 1871: afisa wa jimbo akikuvunjia haki uliyopewa na katiba, mpeleke mahakamani. Na katiba yao inakataza adhabu za kikatili. Mfungwa amenyang'anywa uhuru, hakunyang'anywa utu.

Basi Larry akashtaki. Akashindwa. Akakata rufaa. Mahakama ya rufaa ikakubali kwamba alitendewa ukatili, lakini ikasema askari wana kinga ya kutodaiwa mahakamani, kwa kuwa hakuna kesi ya zamani iliyofanana na yake ambayo ingewaonya.

"Mjomba, hiyo ni haki kweli?"

Una akili, mwanangu! Sikiliza. Mama amekukataza kutia mchanga kwenye chungu cha uji. Wewe ukatia majivu. Akikuuliza, unajibu: "Ulisema mchanga, hukusema majivu!" Je, utaachiwa? Hata kidogo! Ulijua uji hauchezewi.

Ndivyo walivyoona majaji 6 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 2002. Walisema ukatili ule ulikuwa wazi, na askari hawakuhitaji kesi pacha ndipo waujue.

"Kwa hiyo Larry akalipwa?"

La, hapo bado. Majaji waliondoa kinga tu, ili madai yake yasizimwe kabla ya kusikilizwa.

Na hilo si dogo, wanangu. Gerezani hakuna jirani wa kusikia kilio. Mfungwa asiposikilizwa na mahakama, atasikilizwa na nani? Mwenye kosa aadhibiwe kwa sheria, na anayemwadhibu naye aifuate sheria hiyohiyo.