Mfupa u Hai, Nao Hulishwa na Damu

Katika nchi ya Mpanda, Inyonga na pande zote za Katavi, warina asali hupanda miti mirefu ya miombo kutundika mizinga. Tawi likikatika, mtu huanguka akavunjika mguu. Leo twataka kueleza kwa nini mfupa uliovunjika huunga.

Wengi hudhani ya kuwa mfupa ni kitu kikavu kama ukuni. Sivyo, ule mkavu tuuonao porini ni mabaki tu. Mtazameni mchinjaji apasuapo paja la ng'ombe: katikati mna uboho, na ubavuni mwa mfupa mna tundu dogo, mlango wa mshipa wa damu. Nje umevikwa utando mwembamba wenye mishipa mingi. Hata ndani ya sehemu ngumu zimo njia nyembamba mno, alizozieleza daktari Mwingereza, Clopton Havers, katika mwaka 1691. Damu hupita humo kuulisha mfupa, na uboho mwekundu nao hutengeneza damu mpya. Basi mfupa ukivunjika, damu huganda penye ufa, kisha hujengwa kiungo laini, na baadaye mfupa mpya. Mguu wa mtu mzima huweza kuchukua miezi mitatu au zaidi.

Gegedu ni nyingine. Ndiyo ile nyeupe itelezayo katika goti la mbuzi. Ncha ya pua nayo ni gegedu. Haina mishipa ya damu. Ile ya kiungo hulishwa na ute: mtu akitembea hukamuliwa, akipumzika hunyonya tena, kama kitambaa kilicholowa. Kwa hiyo ikiharibika haiponi vema, jambo aliloliandika William Hunter katika mwaka 1743.

Sasa tuseme juu ya kufunga vibao, maana hapo watu hupoteza miguu. Jamaa hukaza kamba kwa nia njema. Mguu huvimba, kamba hukaza zaidi, damu haipiti, na nyama hufa. Tazameni vidole mara kwa mara. Vikiwa baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, legezeni kamba papo hapo, msingoje asubuhi, mkampeleke hospitali.

Na mzee aliyeanguka akashindwa kuinua paja, yamkini amevunjika penye nyonga. Hapo mishipa iendayo kwenye kichwa cha mfupa huweza kukatika, na kichwa hicho kikafa. Asikandwe wala asivutwe mguu; alazwe juu ya machela, achukuliwe kwa daktari.