Wanafunzi wa udaktari hawaingii kwa mlango mmoja

Majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yakitoka, makundi ya familia ya WhatsApp hujaa pongezi, na haichukui muda orodha ya michango inafuata. Sisi Watanzania tulio nje ya nchi hutegemewa zaidi, na wengi wetu hujiuliza kimoyomoyo: huyu wa miaka 20 anayekwenda kusomea udaktari naelewa, lakini huyu wa miaka 33, mwenye mke na watoto wawili na kazi yake, anarudi shule kutafuta nini?

Jibu linaanzia mbali. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili, lakini wagonjwa wa vijijini wasingeweza kusubiri wahitimu wake. Nchi ikategemea ngazi ya watumishi waliosoma kwa muda mfupi zaidi: wasaidizi wa afya vijijini, matabibu, madaktari wasaidizi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati na vituo vya afya vilipoongezeka vijijini, hao ndio waliovibeba. Mpaka leo, anayeitwa daktari kwenye zahanati nyingi za vijijini ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu.

Ndiyo maana mlango wa kuingilia shahada ya udaktari si mmoja. Wa kwanza ni wa kidato cha sita, kwa waliosoma fizikia, kemia na baiolojia. Wa pili ni wa stashahada, na humo hupita matabibu ambao wameshatibu watu kwa miaka. Wote hukaa darasa moja kwa miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili.

Kinachowatofautisha ni mzigo. Kijana wa kidato cha sita anahangaikia kama bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, litachelewa au litawahi, anaogopa kula sapu (kurudia mitihani) na kudisko (kuondolewa chuo), na akitoka shule ya kata huenda hajawahi kukaa mjini. Hayo si madogo. Ila akifunga mlango wa chumba chake usiku, ni yeye na kitabu.

Tabibu aliyerudi chuo ana nyumba nyuma yake. Kama ni mtumishi wa halmashauri, lazima kwanza mwajiri ampe ruhusa ya masomo. Akiipata na mshahara ukaendelea, anakutana na masharti ya Bodi ya Mikopo, ambayo humtaka mwombaji asiwe na ajira rasmi inayomwingizia kipato. Kwa hiyo mshahara uleule wa kulishia watoto ndio ulipe ada. Akiacha kazi ili aombe mkopo, nyumbani panabaki bila kipato. Jina lake likifika kwenye orodha ya michango, si kwa sababu ya uvivu wa kujitafutia.

Binamu yangu alipitia mlango huo. Mwaka wa kwanza biokemia ilimtoa jasho. Alikuwa amesahau kemia ambayo wenzake walitoka nayo kidato cha sita juzi tu. Kijana aliyekaa naye chumba kimoja ndiye aliyemfundisha usiku. Walipoingia wodi ya watoto, zamu ikageuka. Kijana alimuuliza mama mwenye mtoto anayeharisha maswali yote kwa mpangilio wa kitabu, na mama akajibu ndiyo na hapana. Binamu akainama, akafinya ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili aone inarudi upesi kiasi gani, huku akiuliza: amekojoa mara ngapi toka asubuhi? Na bibi nyumbani kampa dawa gani? Mama akaeleza yote. Darasa lenye watu wa namna zote mbili linafunza kile ambacho mhadhiri peke yake hakimalizi.

Huku Marekani mtu husoma shahada nyingine kwanza, akafanya mtihani wa MCAT, ndipo akaomba shule ya udaktari, kwa hiyo wengi huanza wakiwa na miaka ya ishirini na kitu, na mwanafunzi mwenye mtoto hamshangazi mtu. Hatuna sababu ya kumshangaa wa nyumbani.

Ugumu wa kupatanisha maisha na masomo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Miwili ya mwanzo ni ya vitabu na maabara. Kuanzia wa tatu ni wodi: raundi za asubuhi, zamu za usiku, na siku za mahudhurio zinazohesabiwa. Mwanafunzi akijifungua katikati ya mwaka, mara nyingi huahirisha na kusubiri wenzake wa nyuma. Na jamii yetu haipunguzi kasi: msiba wa mjomba, kikao cha harusi, shangazi anayepiga simu saa nne usiku kusoma majibu ya vipimo vyake kwa sababu "wewe ndiye daktari wetu".

Hapo ndipo mchango wetu unapohitajika zaidi ya pesa. Ada itumwe kabla ya mitihani, siyo baada ya kuzuiwa kuifanya. Tuwaambie wazee mapema kwamba fulani hatafika msibani na asinung'unikiwe. Mwenye mtoto tumlipie msaidizi wa nyumbani katika miezi ya zamu. Fedha hiyo huokoa mwaka mzima wa masomo. Na simu za ushauri wa magonjwa tuwapelekee madaktari waliokwisha kuhitimu. Nidhamu ya mwanafunzi inafika mahali ikaisha nguvu, na kuanzia hapo ni ndugu ndio wanaoamua kama atamaliza.