Kuandika Wosia si Kujichuria

Mtu mzima mwenye nyumba, shamba na watoto akishauriwa aandike wosia, mara nyingi husema hataki kujichuria. Tusimcheke, maana ndani ya jibu hilo mna hofu ya kweli. Lakini hofu haipungui kwa kukimbiwa. Joseph Wolpe, daktari wa akili wa Afrika Kusini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958 jinsi alivyowatibu wagonjwa kwa kuwasogeza kidogo kidogo kwenye jambo wanaloliogopa, huku mwili umetulia. Anayekwepa hupata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo humzoesha kukwepa tena. Wosia huahirishwa kwa namna hiyohiyo, mwaka baada ya mwaka.

Kinachouma, nadhani, si kufa peke yake, bali kuachia. Kuandika kwamba kiwanja hiki ni cha binti fulani humlazimu mtu akione kiwanja kile kikiwa na mwenyewe mwingine, mchana kweupe, naye hayupo. Waislamu wamefundishwa kulikabili jambo hili mapema: hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaka mwenye cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Tena hawezi kuwausia wasio warithi zaidi ya theluthi ya mali yake. Iliyobaki ina wenyewe tayari, angali hai.

Gharama ya kukwepa huwaangukia wengine. Chini ya kanuni za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963, mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Tanzania walilifikisha suala hilo mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikaamua kuwa haki zao zimevunjwa. Mume aliyenyamaza ili asijichurie anakuwa amemwachia mkewe vita hivyo.

Wapo wanaohofu kwamba watoto wakijua mgao wataanza kusubiri mzee afe. Hofu hiyo ina msingi, ila wosia si tangazo: unaweza kuhifadhiwa kwa siri, kwa mfano kwa RITA, wakala wa usajili na udhamini wa serikali ya Tanzania, na mwenyewe akaubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu. Wengine huona kuachia ni kupungukiwa na upendo. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa anayepanga maisha ya wanawe bila yeye amewapenda hata pale ambapo hatapata shukrani.

Kwa ambaye mkono bado unasita, aanze na madeni: anadaiwa na nani, kiasi gani, na yeye anamdai nani. Madeni hulipwa kabla ya mali kugawanywa, kwa hiyo ukurasa huo unahitajika vyovyote vile, na haumwulizi bado nyumba atamwachia nani.